Homa ya Kwao

Ukiuliza habari za Asia pale Towelo, mlimani juu ya mji wa Morogoro, watu wataanza na stroberi zake. Watakuambia jinsi alivyokuwa akizishusha mjini kwenye tenga kichwani, kwa njia ya mteremko ambayo mtu wa tambarare akiishuka mikono mitupu hufika chini magoti yanamcheza, na yeye alikuwa anafika sokoni hajaangusha hata moja. Watakuambia kwamba matuta yake yalikuwa yamenyooka kuliko ya wanaume. Halafu mmoja wao atasema, "Lakini kwa mtoto, Mungu alimpa mtihani."

Mungu tumwache kando kwanza. Kila jambo likitushinda tunamtupia yeye, na habari hii ina watu wa kutosha wa kuulizwa kabla hatujafika kwake.

Mtoto mwenyewe aliitwa Sabra. Alikuwa wa pekee, tena wa kike, na kwa Waluguru wa milimani mtoto wa kike ndiye ukoo wenyewe, maana kwao ukoo unafuata tumbo la mama. Wao wanauita lukolo. Homa ilimwanza Sabra kabla hajamaliza kuota meno. Ilikuwa inapanda na kukaa wiki mbili, pengine tatu, kisha inaondoka yenyewe. Mtoto anacheza, anakula, anakwenda shule, watu wanasahau. Halafu asubuhi moja anaamka macho yamevimba kama aliyeumwa na nyuki, baka jekundu limetokea begani, na mama anajua imerudi. Baka lile lilikuwa na tabia ya kutembea. Leo liko begani, kesho liko kwenye kiwiko, keshokutwa limefika kiganjani, na kila lilipopita nyama ya chini yake iliuma mpaka mtoto hataki kuguswa. Siku nyingine tumbo ndilo lililomkata, akajikunja kitandani na kuuma shuka.

Na homa katika nchi yetu ina jina moja. Sabra alipimwa malaria, haikuonekana, akapewa dawa ya malaria. Akapimwa taifodi, akapewa dawa ya taifodi. Ikasemwa ni mkojo mchafu, akapewa na hiyo. Mwenye duka la dawa wa Mafiga, kule mjini, alifika mahali akimwona Asia kwa mbali anaanza kufungua kabati kabla hajasalimiwa. Mlimani nako hawakukaa bure: mizizi ilichemshwa, kombe la aya likaandikwa sahanini, likaoshwa, likanywewa, na moshi ukafukizwa mpaka paka akahama nyumba. Mtoto yule alikunywa vichungu vya kutosha kijiji kizima, na homa ilikuwa inaondoka siku ilipotaka yenyewe.

Alipokuwa darasa la tatu ndipo walipoelekezwa kwa Daktari Devotha, daktari wa watoto katika hospitali moja ya mjini. Alikuwa mama wa Bukoba, mnene, mwenye sauti ya chini, na sifa yake kubwa ni kwamba alikuwa anasikiliza mpaka mwisho. Asia aliingia na kaka yake, Twalibu, kwa sababu mtoto ni wa lukolo, na msemaji wa mtoto ni mjomba. Salehe, baba yake Sabra, alikuja pia. Alikaa nje kwenye benchi na kofia yake magotini. Hakuna aliyemfukuza, na yeye hakujiona amefukuzwa. Ndivyo mambo yalivyokuwa yanakwenda.

Daktari alimkagua mtoto, akasoma majibu yote ya damu, akasikiliza habari za baka linalotembea. Kisha akauliza, "Huko juu mnalinda mashamba dhidi ya ngedere?"

"Kila msimu," alijibu Twalibu.

"Mlinzi akiwaona anafanyaje?"

"Anagonga bati. Watu wanakuja na mapanga na mawe."

"Na ngedere wakikimbia?"

"Anaacha kugonga. Watu wanarudi majumbani."

"Mwilini kuna walinzi wa namna hiyo," alisema daktari. "Tunaita kinga ya mwili. Kidudu kikiingia, wanagonga bati. Mwili unapata joto, damu inakwenda mahali penye adui, pale panavimba, panauma. Hiyo ndiyo homa. Ni kazi nzuri. Ila Sabra hana vidudu. Nimetafuta, sijaviona. Nadhani yeye ana mlinzi ambaye amezaliwa na mkono usioweza kuacha. Kitu kidogo tu, baridi, uchovu, pengine hakuna kitu kabisa, na bati linagongwa. Wanaokuja na mapanga hawamwoni ngedere, wanalikanyaga shamba lenyewe."

Asia alimwelewa. Alimwelewa kuliko alivyowahi kuelewa neno lolote la hospitali, na alianza kuona maneno yale yanakoelekea.

"Sasa nisikilizeni vizuri," aliendelea daktari. "Homa hizi ziko za aina mbalimbali. Iko aina ya upole, mtoto akikua inamwacha, haiharibu kitu. Na iko aina ya kurithi, inayokwenda kwenye damu ya familia. Hiyo ni mbaya. Kila bati likigongwa, ini linatoa aina fulani ya protini. Likigongwa miaka na miaka, ile protini inajazana kwenye figo mpaka zinakufa. Kipimo cha kuzitofautisha hatuna hapa. Homa ya Sabra inakaa muda mrefu, na hilo linanitia wasiwasi. Kama ni ya kurithi nampeleka Dar es Salaam mwezi huuhuu, tuanze kumfunga yule mlinzi mkono mapema. Kwa hiyo naomba mniambie. Kuna mtu mwingine kwenu aliyekuwa anaumwa hivi?"

"Kwetu hakuna," alisema Twalibu, na alisema kweli.

"Na upande wa baba?"

Twalibu aligeuka akamtazama dada yake.

Sasa hapo inabidi umjue Hafidha. Alikuwa dada yake Salehe, mkubwa wake. Asia alipoolewa alimkuta yuko ndani, mwanamke mwenye sauti nzuri ya kuimba, na miguu imejaa maji. Asia ndiye aliyekuwa anamkanda. Aliyaona macho yaliyovimba, aliliona baka jekundu likisafiri mkononi, alisikia kwamba amekuwa hivyo tangu utoto. Hafidha alikufa angali kijana, akaacha binti mdogo, Shakila. Siku ya kumwosha, mama mkwe alimshika Asia mkono na kumwambia, "Mwanangu, ya hapa yabaki hapa." Na milimani ndivyo inavyotakiwa. Maradhi ya ukoo ni siri ya ukoo. Mke ni mtu wa ukoo mwingine, hana ruhusa ya kuyatoa nje hata kidogo. Wenye ruhusa ni wenyewe, na watani wao, kwa sababu mtani akisema ni mzaha na hakuna anayekasirika.

Na kulikuwa na Twalibu pale kitini. Siku ya posa Twalibu alisema mbele ya watu wote kwamba wale wakwe wanaficha kitu, na siku atakayokijua, dada yake atarudi nyumbani na watoto wake. Twalibu hakuwa mtu wa kutishia bure. Na Asia alimpenda Salehe. Hilo halisemwi sana huko kwetu kuhusu watu walioishi pamoja miaka mingi, lakini tuliseme. Salehe alikuwa anambebea tenga mpaka mlango wa soko huku wanaume wenzake wakimcheka, na kesho yake anabeba tena.

"Hakuna," alisema Asia.

"Una hakika, Mama Sabra? Hata mtu aliyevimba miguu tu? Aliyekufa kijana?"

"Hakuna, daktari."

Daktari Devotha alichukua kalamu. Akasema basi huenda ni ile ya upole, waombe Mungu iwe hiyo. Alimwandikia Sabra vidonge vya kunywa homa inapoanza, akasisitiza aletwe kila baada ya miezi michache apimwe mkojo, kwa sababu figo zikianza kuharibika huonekana kwenye mkojo kabla mtu hajajisikia lolote. Walipotoka Salehe alisimama na kuvaa kofia. Hakuuliza wamesema nini. Alimtazama mkewe, mkewe akatazama chini, na wote wawili wakajua kwamba jina la Hafidha halikutajwa.

Vidonge vilifanya kazi vizuri sana, na hiyo ndiyo bahati mbaya yenyewe. Homa ikianza Sabra anakunywa, kesho yake yuko uwanjani. Asia alimrudisha hospitali mara ya kwanza, mkojo ukawa safi. Mara ya pili akasema mvua zimezidi. Mara ya tatu akasema ni msimu wa stroberi. Vidonge akawa anavinunua pale Mafiga. Ukweli ni kwamba hakuwa anaogopa mvua. Alikuwa anaogopa kukaa tena kwenye kiti kile na kuulizwa swali lile. Akajifariji kwamba daktari mwenyewe amesema ni ya upole, na akajisahaulisha kwamba daktari alisema hivyo kwa sababu ya jibu lake yeye.

Sabra alikuwa darasa la saba mama mkwe alipofariki. Matangani alikuja Mansuri, mtani wa ukoo wa kina Salehe, fundi wa kuwaliza watu kwa kicheko. Kazi ya mtani msibani ni hiyo. Alidai soda kwanza, akasema bila soda marehemu haendi popote. Akajifunga kanga, akashika fimbo, akaanza kutembea kama marehemu, kukohoa kama marehemu, na kunyima watu chumvi kama marehemu. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mansuri alipoona jukwaa limemkubali akanogewa. Akajilaza chini kwenye mkeka, akavimbisha macho na mashavu, akajishika begani, kisha kiwiko, kisha kiganja, akaanza kulalama kwa sauti nyembamba.

"Jamani mimi Hafidha! Nimeshikwa na homa yetu, homa isiyotaka wageni! Leteni maji, leteni shuka, miguu imekuwa mitungi!"

Watu wakacheka tena. Waliomjua Hafidha walicheka wakiinama. Na katikati ya kicheko kile Sabra, aliyekuwa ameketi miguuni pa mama yake, aligeuka anacheka na yeye, akasema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Mama, mbona ananiigiza mimi?"

Asia alimziba mdomo kwa kiganja. Alifanya hivyo kabla hajafikiri. Mansuri akabaki amelala pale na mashavu yake yamejaa hewa. Na Asia, kwa kuwa hakutaka kumtazama mtu yeyote usoni, alitazama miguu ya mtoto wake. Kamba za kandambili zilikuwa zimeacha mifereji kwenye miguu iliyovimba. Alikuwa ameiona mifereji ile tangu mwezi uliopita, akasema ni kutembea sana.

Mansuri alimfuata baadaye wakati wa kunawa mikono. "Shemeji, mimi nilikuwa nafanya utani tu."

"Najua," alisema Asia. "Umefanya vizuri. Mimi ndiye niliyefanya vibaya."

Kesho yake walikwenda hospitali, na safari hii Salehe aliingia ndani. Mkojo wa Sabra ulikuwa na povu kama la sabuni. Daktari Devotha alimtoa mtoto akaangalie na muuguzi samaki wa kuchorwa ukutani, akafunga mlango, na Asia akasema yote kwa pumzi moja: Hafidha, macho, baka, miguu, kifo. Salehe akaongeza kwa sauti ndogo kwamba hata yeye utotoni alikuwa hivyo, na hata sasa homa humjia mara mojamoja, ila yake ni nyepesi.

"Mlijua lini?" aliuliza daktari.

"Tangu siku ile," alisema Asia.

Daktari alikuwa mtu mpole, lakini hakuwa malaika. Alisimama, akaenda dirishani, akakaa huko amewapa mgongo. "Mama Sabra, mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza mara mbili."

"Ndiyo, daktari."

Walipelekwa Dar es Salaam. Kule walielezwa kwamba dawa ya kumshika yule mlinzi mkono ipo duniani, inachomwa kwa sindano, na inaweza kuagizwa kwa taabu, lakini haifufui kilichokwisha kukanyagwa. Vile vidonge vyake vilikuwa vinanyamazisha homa tu. Ndani, bila kelele, protini ile iliendelea kujaa miaka yote ambayo Asia alikuwa anashukuru. Figo zilikuwa zimefika mwisho. Sabra akaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, akawa mtoto wa mashine, na baada ya kila kusafishwa alikuwa analala kama nguo iliyokamuliwa.

Twalibu alipata habari, akapanda basi, akaja. Asia alijiandaa kwa matusi. Twalibu alikaa naye kwenye ngazi za hospitali, akakunja mikono.

"Ungeniambia siku ile," alisema mwishowe, "ningekurudisha nyumbani kweli. Nisikudanganye, dada yangu. Ningekurudisha." Kisha akalia, mtu mzima, mbele ya wapita njia. Asia hakumbembeleza. Hakuwa na kitu cha kumpa mtu.

Siku moja Sabra alifumbua macho akauliza, "Mama, shangazi Hafidha alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa anaimba. Ukimsikia kutoka bondeni unajua amepona homa."

"Halafu alipona kabisa?"

Swali lilikuwa jepesi, na neno moja la uongo lingemtosha mtoto kulala vizuri. Asia alimshika kidole gumba.

"Hapana, mwanangu. Hakupona."

Sabra alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyekuwa anataka tu kuhakikisha, akageukia ukutani. Asia alisema kweli safari hii, na kweli ile haikumsaidia mtu yeyote.

Sabra alikufa masika yalipoanza. Alirudishwa mlimani, akazikwa kwenye ardhi ya lukolo yake, karibu na matuta ya stroberi ambayo hakuna aliyeyapalilia mwaka ule. Waliokuja kuhani walisema kazi ya Mungu haina makosa. Asia aliwasikiliza akiwa kwenye jamvi, akaitikia, na moyoni alijua kosa ni la nani.

Siku ya kuondoa matanga Mansuri alikuja. Hakudai soda. Alikaa pembeni na mikono katikati ya magoti, na watu wakamwacha, maana kuna misiba ambayo hata mtani anaionea haya. Asia aliinuka kwenye jamvi, akamwendea mbele ya koo zote mbili.

"Mansuri, lala pale kwenye mkeka. Fanya kama siku ile."

"Shemeji, siwezi."

"Unaweza. Wewe ndiye mwenye ruhusa. Lala, useme ni homa ya nani, useme inakwenda kwa watoto. Wapo hapa watu wanaotakiwa kuiona."

Mansuri akajilaza. Akavimbisha macho, akajishika begani, kiwiko, kiganja, akataja jina la Hafidha, kisha, sauti ikimkatika, akataja la Sabra. Hakuna aliyecheka. Salehe alifunika uso kwa kofia. Na Asia hakuwa anamtazama Mansuri. Alikuwa anamtazama Shakila, yule binti aliyeachwa na Hafidha, sasa mwanamke mzima, ameketi kwenye kona na mtoto wake wa kiume mapajani. Macho ya mtoto yalikuwa yamevimba. Shakila alivuta kanga taratibu, akamfunika mtoto uso, akasimama, akatoka.

Asia alimkuta nyuma ya jiko.

"Shakila, mwanangu, nakuomba. Mpeleke kwa yule daktari. Mwambie habari za mama yako."

"Ana mafua tu, Mama Sabra," alisema Shakila.

"Mimi nimemzika wangu."

"Pole, mama. Pole sana." Alimpandisha mtoto begani, akaikaza kanga vizuri isimwanguke usoni. "Lakini kwetu hakuna kitu hicho."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemhurumia mfiwa, akashika njia ya mgombani. Asia alimwita mara moja. Aliona mkono mdogo wenye baka jekundu ukichomoza kwenye kanga, na Shakila akiurudisha ndani bila kugeuka.